Jina Kabla ya Kitu: Istilahi za Tarakilishi na za Visahani vya Angani

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii humwafiki mtunzi wa programu za tarakilishi, kwani kila kinachoonekana kwenye kiwambo kina mkono wa mtu nyuma yake. Haimwafiki vivyo hivyo atazamaye anga usiku, ambako si kila kionekanacho kuelea kimeundwa. Makala haya yanazilinganisha nyanja hizi mbili kwa kuuliza swali moja la kiisimu: jina linapotangulia ujuzi wa kitu chenyewe, ni nani hulihakiki? Hoja inayotetewa ni kuwa kila istilahi hubeba dai, na mtafsiri asiyelipima dai hilo huhamishia kosa katika Kiswahili.

Kisahani kilichozaliwa na tashbihi

Tarehe 24 Juni 1947, rubani Kenneth Arnold alikuwa akirusha ndege yake karibu na Mlima Rainier, katika jimbo la Washington nchini Marekani, alipoona vitu tisa viking'aa na kwenda kwa kasi kubwa. Alipowasimulia wanahabari, aliufananisha mwendo wa vitu hivyo na ule wa kisahani kilichotupwa juu ya maji kikarukaruka. Magazeti yakaandika habari za visahani virukavyo. Mwaka 1950 Arnold alieleza kuwa alieleweka vibaya, kwani alichokisawiri ni mwendo wala si umbo. Kwa maelezo yake basi, tashbihi ya mwendo iligeuzwa kuwa jina la umbo, na jina hilo likaenea kuliko masahihisho yake.

Jeshi la Anga la Marekani lilihitaji istilahi isiyoegemea upande wowote, na ndipo ufupisho UFO, yaani kitu kirukacho kisichotambuliwa, ukashika. Katika mradi wake wa Blue Book, uliodumu kutoka 1952 hadi 1969, zilikusanywa ripoti 12,618, na kati ya hizo 701 zilibaki bila ufafanuzi. Hata istilahi hii ya hadhari inadai mambo mawili: kwamba pana kitu, na kwamba kinaruka. Aidha, neno "kisichotambuliwa" liko katika kauli ya kutendwa, nayo huweza kumficha mtenda. Nani hakukitambua? Ni mtazamaji. Kwa hiyo neno hili linaeleza upungufu wa ujuzi wetu, si sifa ya kitu. Hata hivyo, umma umelisoma kana kwamba ni sifa ya kitu, hata UFO ikawa kisawe cha chombo cha wageni kutoka sayari nyingine. Ripoti ya NASA ya Septemba 2023 ilitumia istilahi nyingine, UAP, inayozungumzia matukio badala ya vitu, na haikupata ushahidi wa kuhitimisha kuwa asili ya matukio hayo ni nje ya dunia.

Ngeli za FORTRAN

Lugha ya FORTRAN, iliyoundwa na John Backus na wenzake katika kampuni ya IBM na kutolewa mwaka 1957, iliyapanga majina kwa namna ambayo mwanafunzi wa ngeli ataitambua mara moja. Jina lililoanza kwa herufi yoyote kuanzia I hadi N lilihesabiwa kuwa la nambari kamili; mengine yote yalikuwa ya nambari zenye desimali. Hiki ni kigezo cha umbo, sawa na kile kinachoiweka nomino katika ngeli kwa kutazama kiambishi chake. Udhaifu wa kigezo hicho unajulikana: "kiboko" na "kiziwi" huanza kwa ki-, lakini upatanisho wa kisarufi huzipeleka kwenye A-WA.

FORTRAN nayo ilikuwa na mtego wake. Mtunzi aliyekusudia kuandika JUMLA akaandika JULMA hakukemewa. Mashine ililipokea neno hilo kuwa jina jipya la nambari kamili, kazi ikaendelea na jibu likatoka, ingawa halikuwa sahihi. Dawa ilikuwa kumwezesha mtunzi kupiga marufuku majina yasiyotangazwa, na kanuni hiyo iliingizwa katika toleo sanifu la Fortran 90. Leo zana nyingi za kuandikia programu hulipigia mstari jina lisilotangazwa hata kabla programu haijaendeshwa. Mazungumzo ya umma hayana zana ya namna hiyo. "Kisahani" kilipita kama JULMA.

Mdudu, kitafsiri na kikalimani

Hii haina maana kuwa istilahi za tarakilishi hazina dosari. Tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa mashine ya Harvard Mark II walimkuta nondo amenasa katika swichi mojawapo. Wakambandika daftarini na kuandika kwa mzaha kuwa hiyo ni mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana. Mzaha huo una maana kwa sababu tu wahandisi walikuwa tayari wakiita hitilafu "mdudu". Thomas Edison alilitumia neno hilo mwaka 1878. Licha ya hayo, wengi husimulia kuwa nondo huyo ndiye asili ya jina.

Mfano wa pili ni kompaila. Mwaka 1952 Grace Hopper aliunda programu ya A-0, iliyokusanya vijiprogramu kutoka maktaba na kuviunganisha. Ndiyo maana jina hilo kwa Kiingereza lina maana ya mkusanyaji. Kompaila za leo hutafsiri. Tukiiita "kikusanyaji" tutahifadhi historia na kupoteza kazi. Zana nyingine husoma agizo moja baada ya jingine na kulitekeleza papo hapo. Kiswahili kina tofauti hii tayari: mtafsiri huishughulikia matini nzima, ilhali mkalimani hufasiri msemaji akiendelea kusema. Inapendekezwa basi kompaila iitwe "kitafsiri", na zana ya pili "kikalimani".

Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ushahidi kuwa Kiswahili kinaweza kutumikia tarakilishi. Suala lililobaki ni ubora wa maneno. Mdudu wa tarakilishi aitwe "hitilafu", kwa kuwa mtumiaji anahitaji kujua kilichoharibika. "Visahani virukavyo" vibaki katika masimulizi ya mwaka 1947. Kwa taaluma, "tukio la angani lisilotambuliwa" linatosha, mradi msomaji akumbushwe kuwa asiyetambua ni yeye. Mwanaistilahi, kabla ya kuunda neno, na aulize swali ambalo mashine imefunzwa kuuliza: jina hili limetangazwa wapi, na linasimamia nini?