Mizani Inayopima Kweli: Kusoma Kilatini kwa Sikio la Gisenyi

Sisi watunzi wa Kiswahili, mizani yetu haipimi, inahesabu: nane kwa nane, basi. Ni sawa na kuuza viazi kimoja kimoja. Kilatini cha kale huuza kwa kilo. Silabi ndefu ina uzito wa fupi mbili, na mshororo hutimia uzito ukitimia.

Kwa hiyo hapa Gisenyi weka kando sikio la Kiswahili, utumie la Kinyarwanda. Chukua neno gusura. Ukivuta u ya katikati, umekwenda kumtembelea mtu; ukiikata, umetoa ushuzi. (Mimi nilifunzwa tofauti hiyo mbele ya wakwe.) Kilatini nacho kina malum: a fupi ni uovu, a ndefu ni tofaa. Amazina y'inka, zile tungo za kusifu ng'ombe, hupimwa vivyo hivyo, na aliyezichambua kwa kina ni padri Alexis Kagame, ambaye Kilatini alikijua vizuri. Ndiye pia aliyetunga Indyohesha-birayi, utungo wa kuchekesha kuhusu nguruwe na viazi.

Anza na maneno ya misa. Silabi ndefu, piga kofi mezani mkono utulie. Fupi, gonga kidole. Gloria: kofi, gonga, gonga. Credo: kofi, kofi. Uzito wa maneno hayo mawili ni mmoja, ndiyo maana hubadilishana nafasi katika tenzi za mashujaa zenye miguu sita, yaani vipande sita vya silabi, kwa mshororo. Deo ni gonga, kofi, na huo ndio mguu wa vichekesho.

Silabi huwa ndefu kwa irabu yake, ambayo kamusi huiwekea kistari juu, au kwa kufuatwa na konsonanti mbili: katika magistri, gis ni nzito ingawa i yake ni fupi. Irabu ya mwisho wa neno ikigongana na irabu ya neno linalofuata, imeze, kama usemavyo y'inka. Wengi hupotelea hapo.

Watunzi wa vichekesho Plautus, na Terentius mzaliwa wa Karthago, katika mazungumzo yasiyosindikizwa na zumari waliubadili mguu huo wa gonga, kofi karibu kila mahali, mpaka mwanafunzi anadhani hakuna kanuni. Katika miguu sita ya mshororo, ule wa mwisho tu hawakuugusa: gonga, kofi. Basi usianze mwanzo wa mshororo, anza mwisho urudi nyuma. Ukifika mwanzo na silabi imebaki mkononi, kuna irabu hujaimeza.