Mirija Miwili ya Hewa Katika Eropleni

Wasomaji wetu wengi wameona eropleni ikipita angani, na baadhi yao hujiuliza: Rubani ajuaje mwendo wake na kimo chake, na hali huko juu hakuna jiwe la maili wala mti wa kupimia? Jibu ni hewa yenyewe, nayo huletwa kwake kwa mirija miwili. Leo twapenda kueleza mirija hiyo na jinsi fundi aiungavyo.

Wa kwanza waitwa mrija wa Pitot, kwa jina la Mfaransa Henri Pitot, ambaye mwaka 1732 alipima mwendo wa maji ya mto Seine kwa mrija uliopindwa. Katika eropleni mdomo wake huelekea mbele, ukapokea hewa isukumwayo kwa nguvu ya mwendo. Wa pili huanza katika tundu dogo ubavuni, mahali ambapo upepo wa mwendo hauingii. Nao huleta uzito wa hewa tulivu peke yake. Uzito huo hupungua kadiri mtu apandavyo. Karibu na usawa wa bahari hupungua milibari 1 kwa kila futi 30 hivi.

Sasa tutazame vyombo vitatu vilivyo mbele ya rubani. Kipimo cha kimo, na kipimo cha kupanda na kushuka, huungwa na mrija wa hewa tulivu tu. Kipimo cha mwendo huungwa na yote miwili: hewa ya Pitot huingia katika kifuko chembamba cha madini, na hewa tulivu hukizunguka kifuko hicho. Kifuko hutanuka kwa tofauti ya hewa hizo mbili, mshale ukageuka. Fundi akiibadilisha mirija hiyo, kifuko kitabanwa badala ya kutanuka, na mshale hautapanda.

Basi yampasa fundi kushika mambo manne. Kwanza, atie alama katika kila mrija kabla ya kuufungua. Pili, ailaze mirija iteremke kidogo hata penye kizibo cha kutolea maji, maana maji machache yaweza kuziba njia. Tatu, asipulize kamwe mrija uliounganishwa na vyombo, kwa kinywa wala kwa pampu, maana kifuko kile huharibika upesi. Vyombo vifunguliwe kwanza. Nne, akiisha kuunga, apime kama hewa haivuji.

Mtu asidhani haya ni mambo madogo. Tarehe 6 Februari 1996 eropleni iliyotoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, ilianguka baharini, wakafa watu 189. Wachunguzi walikata kauli kuwa mrija mmoja wa Pitot uliziba, na yamkini waliouziba ni nyigu wajengao kwa udongo, maana eropleni ilikuwa imekaa bila vifuniko. Kipimo cha rubani mkuu kilionyesha mwendo mkubwa, na kumbe mwendo ulikuwa ukipungua. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo, eropleni iliyotoka Lima, Peru, ilianguka baharini usiku, wakafa watu 70. Ilipokuwa ikisafishwa, matundu ya hewa tulivu yalifunikwa kwa utepe wa gundi, na utepe huo haukuondolewa.

Kufunika tundu wakati wa kusafisha ni kazi njema. Bali kazi haijaisha mpaka aliyefunika amefunua, na mwingine amekuja kutazama kwa macho yake mwenyewe.