Unga wa nyuzinyuzi umenijaza gesi

*Daktari, ni dereva wa lori, miaka 42. Choo ni kigumu, napata kila siku ya tatu. Duka la dawa walinipa isabgol. Wiki sasa tumbo limejaa gesi na choo ni kilekile. Niache?*
*Dereva, Morogoro*

Usiache, ndugu yangu, badili unavyoitumia. Isabgol ni maganda ya mbegu yanayofyonza maji na kuvimba. Koroga kijiko kwenye glasi ya maji, subiri kidogo, utaona mlenda. Huo ndio unaolainisha choo, lakini bila maji ya kutosha unaweza kukwama tumboni. Na madereva mnajulikana kwa kujinyima maji ili msisimame njiani!

Anza upya na kijiko kimoja cha chai kwa siku kwenye glasi nzima ya maji, kisha nyingine juu yake. Ongeza taratibu, gesi hupungua utumbo ukizoea. Dawa nyingine zipishanishe nayo kwa saa mbili. Hotelini agiza dona na maharage, chipsi ziache.

Ukiona damu kwenye choo au ukikonda bila sababu, muone daktari. Tumbo likivimba, ukatapika, hata ushuzi hautoki, nenda hospitali saa hiyohiyo.