Dondoo Muhimu: Kabla ya Kununua Mnadani kwa Intaneti

Mkaazi wa Kibagabaga, mjini Kigali, aonaye katika simu yake kiwanja kikinadiwa kwa nusu ya thamani ya sokoni, na asitie shaka, yumo hatarini tangu hapo. Minada ya mali iliyoamriwa na mahakama nchini Rwanda hufanyika katika mfumo wa intaneti wa Wizara ya Sheria, na amana ya mshindani huwekwa benki. Basi dalali akudaiye arubuni kwa pesa za simu (MoMo), kwa namba ya mtu binafsi, jiepushe naye hata akikuonyesha muhuri, kwani muhuri siku hizi huchorwa na mtoto.

Ama simu iliyokwisha tumika, iuzwayo intaneti, mtake muuzaji mkutane mchana, mathalani karibu na lango la Hospitali ya Kibagabaga, ubonyeze *#06#, ulinganishe namba ya IMEI itokeayo na iliyoandikwa kwenye boksi lake, ndipo ulipe. Na ukilipa kwa MoMo, kabla ya kutia namba ya siri, lisome vema jina la mpokeaji.

Ikiwa umekwisha dhulumiwa, usifute ujumbe hata mmoja: wapigie Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB), namba 166, bila malipo, siku ile ile.