Breki za Ngoma za Land Rover ya Zamani: Somo kwa Kamati za Sharika



Katika toleo hili tumeona vema kuwashirikisha somo la ufundi, ingawa sisi si mafundi. Sababu ni Land Rover ya idara yetu, Series III yenye chasisi ndefu, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Wageni husimama kuipiga picha, lakini bado inapeleka wauguzi na chanjo kwenye zahanati za mlimani. Aprili 2024, ikiteremka na wauguzi wawili, pedali ya breki ilizama hadi chini. Dereva alikuwa ameshaingiza gia ndogo, akaiegemeza gari kwenye ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia. Kosa lilikuwa letu: matengenezo ya breki yalikuwa yameahirishwa katika vikao viwili, fedha zikaenda kwenye rangi na turubai.

Kila gurudumu la gari hili lina ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Ndani yake kuna shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni za silinda ya gurudumu, nazo husukuma shuu zibane ngoma kwa ndani. Gari letu lina mfumo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne, hivyo silinda moja ikivuja, yote manne hudhoofika. Na yote hayo yamefunikwa. Mtu anayezunguka gari akipiga teke matairi haoni kitu. Ripoti ya breki isiyosema kwamba ngoma zilifunguliwa, kamati isiipokee.

Kwanza, usalama wa fundi. Hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti iliyo nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu gari kusogea hata hendibreki ikiwa imevutwa. Kwa hiyo magurudumu yanayobaki chini yawekewe mawe, na gari likae juu ya stendi imara, siyo jeki peke yake. Vumbi la ndani ya ngoma lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu na kuleta saratani. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Ngoma ikikataa kutoka, ajasta zilegezwe kwanza. Kisha fundi aangalie lainingi, yaani gamba la msuguano lililopigwa ribiti juu ya shuu. Likikaribia vichwa vya ribiti, limekwisha. Likiwa limelowa mafuta lisioshwe kwa petroli na kurudishwa. Libadilishwe, tena pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Sisi tulikuta silinda ya nyuma kushoto inavuja, raba zake zimevimba. Mtu aliwahi kujaza mafuta ya injini kwenye kopo la breki, pengine kwa nia njema. Mafuta hayo huharibu raba za mfumo mzima, kwa hiyo tukalazimika kubadilisha raba zote, kuanzia masta silinda. Mafuta halisi ya breki nayo hunyonya unyevu, hivyo chupa iliyokaa wazi stoo isitumike. (Pia hula rangi, ile ile tuliyoilipia.)

Kazi iliyotuchosha zaidi ilikuwa kutoa hewa. Magurudumu ya mbele yana silinda mbili kila moja, na hewa hujificha humo. Tulishinda siku nzima pedali ikiwa laini kama sifongo, mpaka fundi mzee akatuonyesha: kaza ajasta shuu ziiguse ngoma kabisa, toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, halafu legeza ajasta mpaka gurudumu lizunguke bila kukwama. Pedali ikapanda.

Kwa wafadhili tunasema kwa upole: ombi la raba na lainingi halipendezi kwenye picha, lakini ndilo tutakaloleta mwaka huu.

Ngoma zote nne zitafunguliwa tena kabla ya masika. Wajumbe wawili wa kamati watakuwepo gereji, na shuu zitakazotolewa zitawekwa mezani siku ripoti itakaposomwa.