Kimathi: shujaa au gaidi?

*Mwalimu, tunaandaa kamusi elezo ya shule. Wengine wanataka Dedan Kimathi aitwe shujaa, wengine gaidi. Tuandikeje?*
*Msomaji, Ogwedhi*

Ndugu msomaji, msishangae kuvutana, kwa maana serikali zenyewe, ya kikoloni na ya Kenya huru, zilibadilisha kauli: Mau Mau, harakati ya Kimathi dhidi ya ukoloni, ilipigwa marufuku 1950, marufuku ikaondolewa 2003, na sanamu ya Kimathi ikazinduliwa Nairobi 2007. Kwa hiyo tangulizeni matendo: aliongoza wapiganaji katika msitu wa Aberdare, akakamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 18, 1957. Kisha elezeni nani alimwita gaidi, nani shujaa, na lini. Mtaambiwa huko ni kumvunjia heshima. Sikubali hata kidogo. Heshima isiyothubutu kuwataja Wakenya waliouawa na pande zote mbili, Mau Mau na serikali ya kikoloni, ni dhaifu. Mkikwama kwenye tarehe, ulizeni hifadhi ya nyaraka za kitaifa, Nairobi.