Maswali ya Mwenye Kununua Nyumba ya Kupangisha Parklands

Mtu akishapata akiba ya kutosha, au akilipwa fedha zake za kustaafu, mara nyingi wazo lake la kwanza ni kununua nyumba na kuipangisha. Katika mji wa Nairobi wengi huitazama Parklands, wala sababu yake haikufichika. Hapo zamani, baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, mtaa huo ulikuwa wa nyumba za chini zenye bustani kubwa, kwanza za Wazungu na baadaye za Wahindi kwa wingi. Siku hizi nyumba hizo zinabomolewa moja moja, na mahali palipokaa jamaa moja panasimama jengo la fleti nyingi. Hospitali ya Aga Khan na ile ya M.P. Shah zi papo hapo, na Westlands haiko mbali. Madaktari, wauguzi, wanafunzi na wafanya biashara hutaka mahali pa kukaa. Basi wapangaji wapo. Lakini kuwapo kwa wapangaji si sawasawa na kuwapo kwa faida.

Lugha yetu hutumia neno moja, kodi, kwa fedha alipazo mpangaji na kwa fedha zidaiwazo na Serikali. Ili tusichanganyikiwe, hapa zile za mpangaji tutaziita pango.

Swali la kwanza la kila mnunuzi ni hili: fleti itaniletea kiasi gani? Tuchukue mfano wa kubuni tu. Fleti imenunuliwa kwa Shs. 10,000,000, na pango lake ni Shs. 70,000 kwa mwezi. Mnunuzi hupiga hesabu upesi: mara kumi na mbili ni Shs. 840,000, naye hufurahi. Lakini mpangaji mmoja ahamapo, fleti hukaa tupu mwezi mzima kabla ya kupata mwingine, zimebaki Shs. 770,000. Ada ya huduma za jengo, yaani walinzi, lifti, taka na taa za ngazi, tuseme Shs. 10,000 kila mwezi, nayo hudaiwa hata mwezi ambao fleti ni tupu: Shs. 120,000. Wakala akusanyaye pango achukue asilimia 5: Shs. 38,500. Rangi na mabomba: Shs. 40,000. Kodi ya Serikali: Shs. 57,750. Mkononi zimebaki Shs. 513,750. Tena wakati wa kununua alilipa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, yaani Shs. 400,000, mbali na malipo ya wakili. Kwa hiyo kila shilingi mia aliyotoa yamrudishia chini ya shilingi tano kwa mwaka.

Sasa mtu huyu awe amekopa nusu ya bei kutoka benki, kwa riba ya asilimia 14. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake yakaribia Shs. 700,000. Fleti haimlishi, yeye ndiye ailishaye fleti kutoka katika mshahara wake. Wako wawezao kuvumilia hayo kwa kutumaini kwamba bei ya nyumba itapanda, lakini yafaa wajue mapema kwamba hilo ndilo walifanyalo.

Juu ya kodi ya Serikali, watu wengi hukosea. Kodi ya pango la makazi ilianza mwaka 2016 kwa asilimia 10, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikaishusha kuwa asilimia 7.5 tangu Januari 1, 2024. Huwahusu wapatao pango la zaidi ya Shs. 288,000 kwa mwaka, lisilopita Shs. 15,000,000. Hutozwa juu ya pango lote, bila kutoa kwanza gharama yo yote, nayo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi ufuatao. Mwenye deni kubwa aweza kumwandikia Kamishna kwamba achagua njia ya kawaida ya kodi ya mapato, ambayo riba na matengenezo huondolewa kwanza. Kabla ya kuchagua, apige hesabu zote mbili.

Je, mpangaji asipolipa, naweza kufunga mlango kwa kufuli? La. Wala usikate maji, wala usitupe vitu vyake nje. Sheria yakuruhusu kumtumia dalali mwenye leseni kushika mali kwa ajili ya pango, na kumtoa mtu ni kazi ya mahakama. Nyumba ikiwa ya biashara, mathalani ile nyumba ya zamani iliyogeuzwa kuwa duka au saluni, uangalifu uzidi. Kwa sheria ya mwaka 1965, upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, hulindwa: kuongeza pango au kumtoa mpangaji kwataka notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, naye akipinga shauri huenda barazani. Wako waliodhani kwamba kutokuandika kitu ndiko kuwa huru, kumbe wamejifunga.

Hati nayo isomwe na wakili wako, si wa muuzaji. Viwanja vingi vya Nairobi ni vya kukodiwa kutoka Serikalini, mara nyingi kwa miaka 99, na yafaa kuuliza imebaki mingapi. Uliza pia kama fleti ina hati yake yenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020 ya majengo yenye wamiliki wengi, ama muuzaji akuahidi tu.

Mwisho, kabla ya kutoa hata arubuni, nenda kwenye jengo lenyewe jioni bila kumwarifu wakala. Fungua bomba. Maji ya mfereji Nairobi huja kwa zamu, na jengo lisilo na kisima kirefu wala matangi ya kutosha hukimbiwa na wapangaji. Kisha muulize mlinzi wa mlangoni ni madirisha mangapi yasiyowashwa taa usiku, na tangu lini.